Bwana Mtia Sahihi na Nyumba za Kamba

Mwenye nafasi na akae vizuri, na mwenye haraka aende zake, maana habari hii inamhusu mtu aliyekuwa na haraka na mtaona ilivyomtenda.

Mtu mwenyewe ni Bwana Sefu Ndimbo, mstaafu wa Idara ya Mipango. Namjua kuliko mkewe anavyomjua. Kila ninaponyoa ndevu namwona kwenye kioo akinitazama. Ningeweza kusema "mimi" tangu mwanzo, lakini nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nikajikuta naanza kujitetea kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Basi nimemtoa nje, nimemweka pale, nimsimulie kama jirani. Hivyo angalau nitaweza kumcheka.

Ndimbo alikaa idarani miaka thelathini na mmoja akiidhinisha ujenzi. Vibali elfu nne mia moja na kumi na viwili vilipita chini ya kalamu yake, na katika viwanja vyote hivyo alivyopata kuvikanyaga kwa miguu yake ni vitatu, viwili kati ya hivyo akiwa amealikwa harusi. Vilivyobaki alivikagua kwenye ramani. Ramani ile ilikuwa na doa la chai upande wa kusini, na wako watu waliokaa miaka kumi bila kibali kwa sababu viwanja vyao viliangukia kwenye doa, naye alikuwa na hakika kwamba ni kinamasi.

Kulikuwa na eneo moja nje ya mji ambalo wazee waliliita Vidimbwini. Maombi ya kujenga huko yalipofika, msaidizi wake aliandika pembeni kwamba jina lenyewe linatia shaka, ingefaa mtu aende akaangalie. Ndimbo alilimaliza jambo hilo kwa dakika moja. Alifuta Vidimbwini kwenye ramani, akaandika Kilimani, akatia sahihi viwanja mia nne kabla ya chakula cha mchana. Na kwa kuwa aliiamini kazi yake, kiwanja kimoja alikichukua mwenyewe, akajenga, akahamia na mkewe Sikudhani na binti yao Salha.

Masika ya kwanza maji yalipanda Kilimani mpaka kwenye madirisha. Ya pili vivyo hivyo. Sikudhani ni fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, na kwa miaka minane aliyapokea maji yale kama mtu anayepokea ndugu wa mume. Salha akaolewa, akaenda mbali. Masika ya tisa yalipokaribia, Sikudhani alifunga nguo zake, akamwita kijana wa mkokoteni abebe cherehani, akahamia kwa dada yake Mwanahawa. Alimwachia mumewe ujumbe kwamba atarudi siku atakapooneshwa nyumba kavu, na kwamba, kwa heshima zote, nyumba hiyo isichaguliwe kwa ramani.

Wakati huo Ndimbo alikuwa amestaafu, ana miaka sitini na moja, anakula wali wa jana peke yake. Nalisema wazi ili lisije likapotea njiani: huyu bwana hakuwa na haja ya nyumba. Alimtaka Sikudhani. Nyumba ndiyo njia pekee aliyoachiwa.

Ndipo akasikia habari za Kambani, nchi ya mabonde na mashamba, ambako kwa mujibu wa waliosimulia haijapata kutokea hata siku moja nyumba ikaingiliwa na maji. Safari yenyewe haina la kusimulia. Alikwenda, akafika, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuvunja ukuta.

Alikuta uwanda mpana wenye watu tele na hakuna nyumba. Kulikuwa na kamba. Kamba za katani zilizofungwa kwenye vigingi kwa kimo cha goti, zimechora sebule, vyumba, jiko, ushoroba, hata choo cha uani. Juu yake turubai limetundikwa kwenye miti, na humo watu wanaishi. Mama mmoja alikuwa anapepeta mchele. Ndimbo akaruka kamba ili amwulize njia ya kwenda ofisini, na yule mama akapiga ukelele kama aliyevamiwa na jambazi.

Majirani wakaja mbio. Hakuna hata mmoja wao aliyeruka kamba. Wote walizunguka mpaka kwenye upenyo ulioachwa mbele, wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakaingia mmoja mmoja. Wakamweleza mgeni kwa upole kwamba amebomoa ukuta wa sebule ya watu. Alitakiwa aufunge upya, kisha amwombe radhi mzee aliyekuwa chumbani akibadilisha nguo, kwa kuwa ukuta ukivunjika kila mtu anaona ndani. Kumbe kabla ya hapo walikuwa hawamwoni.

Aliyemsaidia kufunga fundo ni mfinyanzi mmoja jina lake Uledi, mtu mpole mwenye udongo mkavu kwenye viganja, na ndiye aliyemweleza mambo ya nchi. Kambani hakuna anayeruhusiwa kupandisha ukuta kabla ya kuishi ndani ya kamba masika mazima. Kama maji yana nia ya kupita chumbani, na yapite, yakute kamba. Kama upepo unapeleka moshi wa jikoni kwenye kitanda, kamba inahamishwa jioni hiyo hiyo na hakuna tofali linalolia. Shimo la choo linachimbwa, linajazwa maji, na mwenye nyumba anakaa pembeni kuona yanazama kwa muda gani, na kisima kikiwa karibu analihamishia mbali. Njia ya ng'ombe haizibwi. Shamba zuri la mpunga halijengwi, hata kama mwenyewe anataka.

Ndimbo alisikiliza akitikisa kichwa kwa heshima. Mambo hayo alikuwa anayajua. Yalikuwamo yote katika kanuni za idara yake, kitabu kizuri chenye jalada la kijani, ambacho alikifungia kabatini miaka thelathini na mmoja ili kisichafuke.

Uledi alikuwa amekaa kwenye kamba miaka minane. Watoto wake wawili walizaliwa humo na walikuwa hawajui ukuta ni kitu gani. Ndimbo, kwa busara yake yote, akajua moja kwa moja kwamba huyu ni mvivu.

Ofisi ya Kamba nayo ilikuwa ya kamba. Katibu wake, Bi. Mize, alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, anayezungumza polepole kana kwamba kila neno litakaguliwa. Alimwambia mgeni achague mahali. Ndimbo akazunguka nusu saa akachagua tambarare moja karibu na kijito, udongo mweusi, majani mabichi yamestawi katikati ya kiangazi. Miaka yote ile kazini, na hakujiuliza majani yale yanakunywa wapi. Bi. Mize alimwuliza kama ana hakika. Akajibiwa kwamba anazungumza na mtaalamu.

Mtaalamu akafunga kamba zake, vyumba sita. Chumba cha kulala alikiweka upande wa kijito, kwa sababu Sikudhani anapenda sauti ya maji. Ilimpita kabisa kwamba Sikudhani alikwisha kuisikia sauti hiyo ya kutosha maishani.

Alipokuwa anasubiri kibali, alihudhuria Baraza, mahali pa kuamua nani ajenge. Kambani kila kitu kinachoweza kudhurika na ujenzi kina mtu wa kukisemea, naye husema kama ndiye kitu chenyewe. Kulikuwa na Msemaji wa Upepo, Msemaji wa Njia, Msemaji wa Vyura. Msemaji wa Maji alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya mafua, na cheo hicho alipewa kwa sababu mafuriko ya zamani, kabla sheria haijatungwa, yalimchukulia vibanda viwili. Siku ile walijadili jiko la mjane mmoja. Msemaji wa Vyura alisema, "Mimi nataga mayai pale," na mjadala ukaendelea siku mbili, kwa adabu kubwa, hadi ikaamuliwa kwamba vyura wapewe mwaka mwingine wa kufikiri. Mjane akarudi kwenye kamba zake. Ilikuwa mara ya saba.

Ndimbo akaingiwa na wasiwasi. Alimwuliza Bi. Mize nchi nzima ina nyumba ngapi za ukuta. Akaambiwa arobaini, zote za zamani. Hapo ndipo alipoielewa ile sifa ya Kambani kwamba maji hayajapata kuingia nyumbani. Yangeingia wapi?

Bi. Mize akamweleza sababu, na alipoeleza hakumtazama usoni. Sheria inasema afisa akitia sahihi nyumba ijengwe, ikisha kujengwa yeye mwenyewe anahamia humo kwa masika yote ya kwanza, na godoro lake linatandikwa chumba kilicho chini kuliko vyote. Anakula na wenye nyumba, na balaa likija linaanza na yeye. Kwa miaka mingi sheria ilifanya kazi vizuri, maana maafisa waliikagua ardhi kama mtu anayekagua chakula cha mwanawe. Kisha baba yake Bi. Mize, aliyekuwa Katibu kabla yake, akatia sahihi nyumba moja penye mteremko. Akahamia kama ilivyo sheria. Siku ya arobaini ya mvua kilima kikashuka. Wenye nyumba walifukuliwa wazima, yeye hakufukuliwa mzima.

Tangu siku hiyo, miaka minane, kalamu ya Baraza ilikuwa kwenye kisanduku na hakuna aliyeigusa. Wasemaji waliendelea kupima. Kila mwaka walipima zaidi, kila kipimo kilizaa kingine, na kila mtu alijua wanapima ili wasifike mwisho. Familia mia tatu na kumi na mbili zilikuwa zinasubiri ndani ya kamba, na ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya Uledi.

Hapo ndipo Ndimbo alipojikohoza. Hakukusudia ubaya. Mtu amekaa mwezi mzima akionekana si chochote, na nafasi imejitokeza ya kuonekana kitu. Akasema kwamba kwao, yeye ametia sahihi elfu nne mia moja na kumi na mbili.

Bi. Mize akaweka kikombe chini.

"Zote hizo," akasema polepole, "na bado uko hai?"

Ndimbo akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Aliona anasifiwa uchapakazi.

Habari ikaenea kabla hajamaliza chai. Watu walitoka kwenye kamba zao kuja kumwona mtu aliyekaa masika elfu nne chini ya sahihi yake. Baraza lilikaa asubuhi nzima kujadili hesabu hiyo, kwa kuwa haikuingia akilini, likahitimisha kwamba lazima alikuwa anahama usiku na mchana katika mvua, nyumba hadi nyumba, na godoro kichwani. Watoto wakatunga mchezo wa kukimbia na mkeka kichwani, wakauita Ndimbo. Wanawake walimletea maji ya kuoga. Jioni Uledi alikuja na mke wake na kuku, akamwuliza, macho yamemjaa heshima, masika gani kati ya hayo yalikuwa mabaya kuliko yote.

Sasa alielewa. Hapo angeweza kusema. Mdomo ulikuwa wake na hakuna aliyeuziba. Lakini mke wa Uledi alikuwa ndiyo kwanza ameinjika pilau, na Ndimbo akaona si adabu kukatisha shughuli ya watu. Akajibu kwamba mambo hayo yanataka siku yake.

Siku yake ikapangwa. Bi. Mize alimpa shauri ambalo lilimwondolea hata aibu iliyokuwa imebaki: kwa kuwa ana uzoefu na ujasiri kuliko Baraza zima, aichukue kalamu, azitie sahihi zile familia mia tatu na kumi na mbili. Yeye Katibu, kwa kupata moyo kutoka kwake, atatia sahihi moja tu, ya nyumba ya Ndimbo, ambaye kwa heshima hiyo atasamehewa masika ya kukaa ndani ya kamba. Huyu bwana wangu alikubali hapo hapo. Akili yake yote ilikuwa kwa mkewe. Kuhusu mia tatu na kumi na mbili, alijiambia kwamba mtu akishazitia sahihi anaweza kuwa na udhuru, na mambo yakajipanga yenyewe, kama yalivyokuwa yanajipanga siku zote.

Akamwandikia mkewe barua ya kurasa nne, yenye mchoro wa vyumba sita. Njoo, Mama Salha, nyumba imepatikana. Jibu lilirudi kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, mstari mmoja: "Umeiona ikinyeshewa?" Ndimbo akaona wanawake wana maswali.

Siku ya sahihi watu walijaa mpaka vigingi vikang'oka. Uledi alisimama mbele na mkewe na watoto, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na alikuwa analia kabla hata shughuli haijaanza. Alimwuliza Ndimbo angependa godoro lake litandikwe upande gani, wa dirisha au wa mlango, ili wajenge kwa kumfuata. Bi. Mize akafungua kisanduku. Akaitoa kalamu ya baba yake akampa mgeni.

Kwa desturi yao, mtia sahihi anasimulia kwanza masika yake mabaya kuliko yote, ili watu wajue wanamkabidhi nyumba nani. Ndimbo alikuwa hakuambiwa hilo. Uwanja mzima ukamtazama. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilimshangaza mwenyewe. Alisimulia masika ya tano ya Kilimani. Jinsi maji yalivyoanzia chooni, si mlangoni. Jinsi yalivyonuka. Jinsi vitanda vilivyopandishwa juu ya matofali, na matofali yakaongezwa, na yakaisha. Salha, msichana mkubwa, kakalishwa ndani ya beseni la kufulia na kusukumwa, miguu inaning'inia. Nyoka mwembamba kajisokota juu ya rafu ya vikombe, mtu na nyoka wakakaa chumba kimoja mpaka asubuhi kwa kuwa wote hawakuwa na pa kwenda. Alisimulia vizuri, siwezi kumnyima hilo. Watu waliinamisha vichwa, na yule mama wa sebule iliyobomolewa akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Msemaji wa Maji alikuwa hajainamisha kichwa.

"Nilipofika kitandani," akauliza, "wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Ndimbo akatafuta mahali pa kusimama ndani ya ile nyumba yake mwenyewe. Akatafuta sebuleni, akatafuta ushorobani, akatafuta jikoni karibu na nyoka. Hakuwamo popote.

"Sikuwapo," akasema.

"Ulikuwa wapi?"

"Hotelini. Kwenye semina."

Bi. Mize akauliza semina ya nini.

"Ya kujikinga na mafuriko."

Jambo hili nimelificha tangu mwanzo wa habari, na mmeona nilivyolificha vizuri. Kila masika, mvua zikichanganya, idara ilikuwa na semina kwenye hoteli ya mlimani, na Ndimbo hakukosa hata moja. Masika yote manane. Mkoba wake aliupanga Sikudhani. Yote aliyoyasimulia pale aliyasikia kwa mkewe, mezani, akirudi amenenepa kidogo. Na zile nyumba elfu nne mia moja na kumi na mbili alikuwa hajakaa katika hata moja siku ya mvua, hata ile aliyojenga kwa mikono ya mafundi wake.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Wazee walisogeleana wakanong'onezana muda mrefu, kisha Bi. Mize akamwambia, bila hasira, kwamba wametafuta katika sheria zao zote na hawajaona adhabu. Waliozitunga hawakuwahi kumfikiria mtu wa namna yake.

Akanyoosha mkono, Ndimbo akamrudishia kalamu. Watu wakaanza kutawanyika. Uledi alikuwa bado amesimama na kanzu yake, hajui aende wapi, na Ndimbo aliona haya kumtazama, haya ya kweli.

Bi. Mize akamgeukia Msemaji wa Maji. Akamwuliza kama katika miaka minane amepata kupita kwa Uledi. Mzee akajibu kwamba hajapita. Akamwuliza Msemaji wa Njia, wa Upepo, wa Vyura, mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu hapana, walishajibu hivyo mwaka wa kwanza. Akawauliza basi wanasubiri nini. Akasema na yeye alikuwa anasubiri, na leo nusura amkabidhi mtu wa hotelini nyumba za watu kwa sababu ya kuogopa kwake. Akainama juu ya karatasi, akatia sahihi ya kwanza. Ilikuwa mbaya, imepinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akamwambia Uledi kwamba yeye atalala upande wa mlango.

Kesho yake Msemaji wa Maji alimchukua Ndimbo mpaka kwenye zile kamba zake za vyumba sita. Hakumsomea kitu. Alimwonesha majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi ya mti, juu ya kichwa cha Ndimbo, vimelala vyote upande mmoja. Alimwonesha mawe ya duara chini ya udongo mweusi. "Huwa napita chumbani kwako," alisema, kwa sauti ile ile ya mafua. Ndimbo akafungua mafundo kwa mikono yake, moja baada ya jingine, akazikunja kamba, akazirudisha ofisini. Akapita mlangoni.

Alimkuta Sikudhani kwa dada yake, kwenye cherehani, anashona sare za shule. Mwanahawa akampa mgeni kigoda akatoka, maana aliona hali. Ndimbo akaeleza yote, pilau, kalamu, vijiti juu ya mti. Semina hakuiruka. Sikudhani hakuacha kukanyaga cherehani mpaka mshono ulipoisha.

"Semina naijua, Baba Salha," akasema. "Biskuti zake nilikuwa nazila."

Ndimbo akasema hana nyumba ya kumwonesha. Sikudhani akakata uzi kwa meno, akasema mvua zinaanza wiki ijayo. Hakumfukuza wala hakumkaribisha kulala.

Basi akarudi Kilimani. Mwaka ule semina ilikuwapo, na wenzake wa zamani walimpigia simu kumwalika kama mstaafu mheshimiwa, akawaambia ana kazi. Siku ya tano ya mvua alikuwa amesimama mlangoni na magunia ya mchanga, anajisikia shujaa, maji yakamtokea nyuma, chooni. Alikuwa amelisimulia jambo hilo mbele ya umati na hakulikumbuka. Jirani alimpigia kelele juu ya ukuta azime umeme kwanza, mzee, umeme kwanza. Alikanyaga kitu laini ambacho mpaka leo hataki kukijua. Alilia pia, siku ya nane, wala si kwa ajili ya maji. Alikuwa anajaribu kuinyanyua meza peke yake, ikamshinda, na akawa anajiuliza Sikudhani aliinyanyuaje.

Siku ya kumi na mbili maji yalipungua, mvua ikiwa bado inanyesha. Sikudhani alikuja, ameshika mwavuli, akasimama mlangoni bila kuingia. Akatazama kuta, akamtazama mumewe aliyekuwa anakomba tope kwa kipande cha ubao.

"Yalifika wapi?" akauliza.

Ndimbo akaacha ubao. Kwa miaka thelathini na mmoja swali hilo angelijibu kwa kwenda kutafuta karatasi. Akaweka kiganja juu ya paja, kidogo kupita goti, pale tope lilipoacha mstari kwenye suruali.

Sikudhani akatikisa kichwa kukubali. Kisha naye akaweka kiganja, kifuani, chini kidogo ya mtulinga.

"Mimi hapa," akasema. "Mwaka Salha alipokuwa na homa."

Mwaka huo Ndimbo alirudi na biskuti, akaambiwa mtoto alipata homa kidogo, akaitikia. Alibaki amekiangalia kile kiganja kilipowekwa.

Sikudhani akamwacha aangalie mpaka akatosheka. Halafu akasogeza mwavuli, akamwachia nusu.

"Mvua hii ina wiki mbili zaidi," akasema. "Vaa viatu tukatafute kiwanja, kabla haijakatika."

Ndimbo akavaa viatu vyake vya tope. Wakatoka, mke mbele, mume nyuma, wakitazama chini kila hatua.